Abaoji hakurudisha ngoma: chifu wa Wakitani alivyogeuka kaizari

SWALI: Nafundisha historia sekondari, na wanafunzi wamenibana. Vitabu vinasema Abaoji alikuwa chifu wa wafugaji wa kuhamahama, Wakitani wa kaskazini mwa China, akachaguliwa kuwaongoza kwa miaka mitatu, kisha akaanzisha nasaba ya Liao. Kitabu kimoja kinasema alianza kutawala 907, kingine 916. Kuna na kisa cha kuwaalika machifu wenzake karamu kwenye ziwa la chumvi na kuwaua wote. Ni kweli? Na mtu aliyewekwa kwa muda maalumu anawezaje kubaki maisha yake yote?

JIBU: Mwalimu, tuanze na miaka, maana ndiyo inayowachanganya wengi, kisha tutaifikia karamu.

Miaka yote miwili ni sahihi, ila kila mmoja una cheo chake. Mwanzoni mwa 907 Abaoji alisimikwa kuwa khan, yaani mkuu wa makabila manane ya Wakitani yaliyofungamana. Cheo hicho kilikuwa mikononi mwa ukoo wa Yaonian kwa vizazi kadhaa, naye akakipokea kutoka kwa khan wa mwisho wa ukoo huo. Mwaka 916 akajitangaza kaizari kwa taratibu za Kichina: akaanzisha hesabu mpya ya miaka iliyoitwa Shence, na akamtaja mwanawe wa kwanza, Bei, kuwa mrithi wake. Hilo la mrithi lilikuwa zito kuliko taji lenyewe. Khan hana mrithi anayetajwa angali hai, kaizari anaye. Jina "Liao" lenyewe alilitangaza mwanawe wa pili mwaka 947, miaka zaidi ya ishirini baada ya baba kufa. Mwanafunzi akiandika "Abaoji, kaizari wa kwanza wa Liao" usimkate alama, lakini mweleze kwamba Abaoji angeulizwa habari za Liao asingejua anaulizwa nini.

Sasa huo muda wa miaka mitatu. Waandishi wa Kichina wanaeleza kwamba machifu wa makabila manane walikutana kila baada ya miaka mitatu, wakamthibitisha mkuu wao au wakamweka mwingine. Alama ya ukuu ilikuwa bendera na ngoma. Msomaji wa Maziwa Makuu hahitaji kuelezwa ngoma inafanya nini hapo: Rwanda walikuwa na Kalinga, Burundi walikuwa na Karyenda, na aliyekuwa na ngoma ndiye aliyekuwa mwenye nchi. Khan wa Wakitani alikabidhiwa ngoma, na zamu ikiisha alitarajiwa kuirudisha. Kwa hiyo swali lako ni la kweli kabisa: Abaoji alipata wapi ubavu wa kutoirudisha?

Jibu liko miaka mingi kabla ya 907. Abaoji alizaliwa 872 katika kabila la Yila, lenye nguvu kuliko yote manane, na ukoo wake ulishika uongozi wa vita wa kabila hilo kizazi baada ya kizazi. Ukoo huo ndio ulioitwa Yelü baadaye. Babu yake aliuawa na mshindani, na inasemekana bibi yake alimficha mtoto kwenye hema la pembeni na kumpaka uso rangi asitambulike. Baba yake anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha uyeyushaji wa chuma kwa Wakitani, na baba yake mkubwa ndiye aliyewafundisha kujenga kuta za udongo, kupanda miforosadi na katani, na kufuma. Kwa hiyo ile picha ya mchungaji aliyeshuka kwenye farasi siku moja akakuta kiti cha enzi iweke kando. Alizaliwa katika nyumba yenye tanuri la chuma.

Mwaka 901 akawa mkuu wa vita wa Yila. Mwaka uliofuata aliongoza uvamizi mkubwa Hedong, katika mkoa wa Shanxi wa leo, na historia rasmi ya Liao inasema alirudi na mateka 95,000. Takwimu za vita vya zamani zipokee kwa mkono mmoja, lakini angalia alichokifanya na mateka hao, maana hapo ndipo penye jibu lako. Hakuwagawa wote kama watumwa wa mahemani. Aliwajengea mji, Longhua, kusini ya mto wa Xar Moron, akawaweka humo walime. Akaendelea hivyo miaka yote: wakulima wa Kichina walitekwa au wakakimbia wenyewe vita vya makamanda wa Tang, nasaba ya China iliyokuwa inakata roho, naye akawapa kuta, mashamba na mara nyingine jina lilelile la wilaya walikotoka.

Kwa nini hilo linahusu ngoma? Kwa sababu utajiri wa mfugaji una miguu. Baridi moja kali na mifugo inaisha. Wafuasi nao wana miguu: mfugaji akimchoka mkuu wake anakunja hema, anapakia, anahama, na mkuu anabaki na upepo. Mkulima aliye ndani ya ukuta hahami. Ana nafaka mwaka mzima, na jirani yake ni mhunzi, mfumaji au mchimba chumvi. Vyote hivyo vilikuwa mali ya Abaoji mwenyewe, havikuwa vya muungano wa makabila manane. Machifu saba waliobaki waliweza kumnyima kura, lakini hawakuweza kumnyima chakula.

Vyeo vilifuata haraka: 903 akawa mkuu wa majeshi yote, 905 akakutana Yunzhou na Li Keyong, kamanda wa Kituruki wa Shatuo aliyeitawala Hedong, wakabadilishana mavazi na farasi na kula kiapo cha undugu. (Abaoji hakukaa nacho, muda si mrefu alikuwa akisuhubiana na adui wa Li, yule Zhu Wen aliyeimaliza Tang 907. Nyumba ya Li haikusahau.) Alipokuwa khan akaunda kikosi chake cha walinzi, vijana shupavu zaidi ya 2,000 waliochaguliwa kutoka makabila yote, chini ya binamu yake Helu na shemeji yake Xiao Dilu. Kumbuka: askari wametoka kila kabila, lakini hawamtii chifu yeyote wa kabila. Mkewe, Shulü Ping, alikuwa na jeshi lake pia, na ukoo wa mke ndio uliopewa madaraka makubwa. Shemeji ni mtu salama kwa mtawala, kwa kuwa hana haki ya kurithi.

Wenye haki ya kurithi walikuwa ndugu zake wa damu, na hao ndio waliotaka kummaliza. Watu wakisoma habari za Abaoji hutazama machifu saba na kuwasahau wadogo zake. Fikiria hesabu yao: ukuu umeingia nyumbani kwetu 907, zamu ni miaka mitatu, kwa hiyo 910 inafika zamu ya mmoja wetu. Ikapita 910, kaka hakusema lolote. Mwaka 911 Lage, Diela, Yindishi na Anduan wakapanga njama. Mke wa Anduan akatoboa siri. Abaoji akawapandisha mlimani, wakachinja mnyama, wakala kiapo, akawasamehe, na Lage akapewa hata uongozi wa kabila la Yila. Mwaka 912 wakaasi tena, wakamkatia njia akirudi kutoka vitani. Alichofanya hapo ni ujanja mtupu: kabla hawajasogea, alifanya palepale sherehe ya kusimikwa upya, ile ya kuchoma kuni na kumwarifu Mungu wa mbinguni. Zamu ikawa imeanza upya kwa mila zao wenyewe. Wakaomba radhi.

Mwaka 913 haukuwa na mzaha. Yindishi alivamia kambi ya kaka yake, akachoma mahema na kuipora bendera na ngoma. Shulü Ping alituma watu wawakimbize, na walichofanikiwa kukiokoa ni hivyo viwili tu, bendera na ngoma. Msako ukaenda miezi. Historia rasmi, ambayo kwa kawaida ni kavu kama risiti, hapa inaeleza: askari walichemsha vitoto vya farasi na kuchuma mboga za porini, mifugo saba au minane katika kila kumi ilifia njiani, bei zikapanda mara kumi, na vyombo na nguo vilitupwa kando ya mto kwa mamia ya li, kipimo cha Kichina kinachokaribia nusu kilomita. Hiyo ndiyo gharama ya kutorudisha ngoma, nayo haikulipwa na machifu.

Waasi walishindwa. Lage na Diela wakachapwa viboko wakaachiwa. Wafuasi wao zaidi ya 300 walipatikana na hatia, na hapo ndipo kuna karamu ambayo wanafunzi wako hawakuisoma. Abaoji alisema uhai ni kitu kizito, aliyekufa harudi, kwa hiyo wapewe siku moja ya karamu kabla ya hukumu, kila mtu afanye apendalo. Wakanywa. Wengine wakaimba, wengine wakacheza, wengine wakalenga shabaha kwa mishale, wengine wakapigana mieleka. Kesho yake wakahukumiwa, kila mmoja kwa uzito wa kosa lake.

Sasa karamu uliyoiuliza. Msimulizi wake anayejulikana zaidi ni Ouyang Xiu, mwandishi wa Song, dola ya China iliyokuwa adui wa Liao, karne ya 11. Anasema Abaoji alipokaa miaka tisa bila kupisha, machifu walimjia juu. Akawapa bendera na ngoma bila ubishi, ila akaomba jambo moja: Wachina aliowakusanya ni wengi, basi aachiwe awaongoze katika mji wao kando ya mto Luan. Wakakubali. Mji huo ulikuwa na ardhi ya nafaka, chuma na ziwa la chumvi. Kisha, kwa ushauri wa mkewe, akawatumia ujumbe: makabila yote mnakula chumvi yangu, mnajua utamu wake, lakini hamjui kwamba ina mwenyewe, njooni mnishukuru. Wakaja na ng'ombe na pombe. Walipolewa, askari waliofichwa wakatoka. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Hawa chumvi ndiyo iliyowanyima uzee.

Je, ni kweli? Mimi nakipa kisa hiki uzito mdogo kama tukio, na mkubwa kama maelezo. Historia rasmi ya Liao, iliyokamilishwa 1344 kutokana na kumbukumbu za Wakitani wenyewe, haina karamu hiyo. Ina uasi wa ndugu mwaka kwa mwaka. Ouyang Xiu aliandika zaidi ya miaka mia baadaye, tena upande wa adui. Ila yeyote aliyekitunga alijua nguvu ilikokuwa. Hakumpa Abaoji upanga wa miujiza wala ndoto ya mbinguni. Alimpa nafaka, chuma na chumvi, na mji uliojaa watu wasio wa kabila lolote. Kisome darasani hivyo, na useme wazi kwamba ni kisa.

Baada ya 916 kilichobaki kilikuwa kuziba matundu. Kabila la Yila lenyewe, lililombeba yeye, aliligawa vipande viwili mwaka 922, maana ngazi uliyopandia wewe mwenzio naye ataipandia. Mwaka 918 akajenga mji mkuu ulipo leo mji mdogo wa Lindong, Baarin ya Kushoto, Mongolia ya Ndani. Msimamizi alikuwa Mchina, Kang Moji, na inaandikwa kwamba ujenzi ulichukua siku mia. Ulikuwa miji miwili iliyoungana: wa kaskazini wa kaizari na Wakitani, wa kusini wa Wachina, mafundi na wafanyabiashara. Yeye mwenyewe hakuacha kuhama na mahema yake kufuata majira. Mwaka 920 ikatoka hati kubwa ya kuandikia Kikitani. Miaka michache baadaye ikaja hati ndogo, iliyobuniwa na Diela, yuleyule mdogo mtu wa viboko, baada ya kukaa na wajumbe wa Wauighuri, watu wa Kituruki wa magharibi. Ndugu mkorofi mwenye akili, mpe kazi.

Mshauri wake mkubwa wa mambo ya Wachina, Han Yanhui, alifika kama mjumbe tu. Alikataa kuinama mbele ya Abaoji, akatupwa kuchunga farasi. Shulü Ping ndiye aliyesema kwamba mtu anayeshika heshima ya kazi yake hivyo hafai kupotezwa machungani. Han ndiye aliyewapangia mateka miji, masoko na mashamba, na hata kuwaozesha ili watulie wasitoroke. Yeye mwenyewe alitoroka mara moja kwenda kuona kwao, kisha akarudi kwa hiari.

Abaoji alishindwa wapi? Kwenye kuta za watu wengine. Mwaka 917 alitaka Youzhou, Beijing ya leo, kwa kuwa mfalme wa Wu, dola ya kusini mwa China, alimletea mafuta ya moto yanayozidi kuwaka yakimwagiwa maji. Mkewe akamwonyesha mti: ukiuchuna magome utaishi? Hautaishi. Basi Youzhou ni hivyo, tuma wapanda farasi 3,000 wakapore mashamba yake pande zote, miaka michache utaanguka wenyewe. Akaacha kwa muda, lakini mwaka huohuo jeshi lake likaenda kwenye kuta hizo. Wakauzingira kiasi cha siku 200, wakachimba mahandaki na kupandisha vichuguu vya udongo, na waliokuwa ndani wakawamwagia shaba iliyoyeyushwa. Jeshi la kuuokoa likaja, wengi wao wa miguu. Kila askari wa miguu alibeba tawi la mti lenye matawi yaliyochongoka; wakisimama waliyachomeka na ua ulikuwa tayari, farasi hawapiti. Wakasonga mbele wakichoma majani hadi moshi na vumbi vikafunika anga, na Wakitani hawakujua wanapigana na wangapi. Farasi akikosa nafasi ya kuzunguka, ubora wa mpanda farasi umekwisha.

Majira ya baridi ya 921 hadi 922 akarudi Hebei, theluji ikaanguka siku kumi, watu na farasi wakafa njaa. Aliyemsukuma nje alikuwa Li Cunxu, mtoto wa yule aliyeapizana naye undugu. Li alizifuata nyayo zao, akaona walipolala: majani makavu yametandikwa kwa mviringo na kwa mraba, kingo zimenyooka kama zilizokatwa kwa mkasi, na hata katika kukimbia hakuna unyasi uliokaa ovyo. Alikiri kwamba nidhamu ya namna hiyo kwao hawana. Ukitaka kitu kimoja cha kuwaonyesha wanafunzi kwamba hili halikuwa genge la waporaji, waonyeshe majani hayo.

Magharibi mambo yalikuwa mepesi zaidi: 924 alifika bonde la Orkhon, Mongolia, kwenye magofu ya mji mkuu wa Wauighuri, akaufuta mnara wa maandishi wa khan wa zamani na kuandika sifa zake kwa Kikitani, Kituruki na Kichina. Mashariki, mwanzoni mwa 926, aliuangusha ufalme wa Bohai uliodumu zaidi ya miaka 200. Ngome ya Fuyu ilipoanguka, haikupita wiki mbili mfalme wa Bohai akatoka amevaa nguo nyeupe, anakokota kondoo kwa kamba, maofisa zaidi ya 300 nyuma yake. Nchi ikaitwa Dongdan, akapewa Bei aitawale.

Mwaka huohuo mjumbe wa China, Yao Kun, alimkuta Abaoji huko mashariki na kuzungumza naye. Abaoji alimwambia kwamba anakijua Kichina, lakini hakitamki mbele ya watu wake, wasije wakamwiga wakalegea. Kaizari aliyeazima taji, kalenda, miji na washauri wa Kichina aliifunga lugha hiyo mdomoni. Akafa Septemba 926 hapohapo Fuyu, njiani kurudi nyumbani, akiwa na miaka 54.

Na kura? Wanafunzi wako wataliuliza hilo, kwa hiyo jiandae. Mrithi alikuwa ametajwa tangu 916, lakini mjane alimpenda mtoto wa pili, Deguang. Kwanza aliwaua machifu waliompinga, akiwaambia waende wakamfuate marehemu. Zhao Siwen, ofisa wa Kichina, alipoambiwa aende, akajibu kwamba hakuna aliyekuwa karibu na marehemu kuliko mkewe, aende yeye kwanza. Shulü Ping akajibu watoto bado wanamhitaji, akakata mkono wake wa kulia ukawekwa kaburini. Kisha, 927, akawapandisha wanawe wawili juu ya farasi mbele ya hema na kuwaambia machifu: nawapenda wote, mnayemwona anafaa, mshikieni hatamu. Sisi husema fulani ameshika hatamu za nchi. Pale zilishikwa kweli, na walioshika ndio wapiga kura. Walijua mama anamtaka nani, wakamkimbilia Deguang. Mwaka 930 Bei alisimamisha ufukweni ubao wenye shairi fupi la aibu ya kuondoka kwao, akapanda jahazi na vitabu vyake, akavuka kwenda China.